Kisu cha Kuingia Nacho Shimoni

Magu,
6 Februari 1995

Kwa mpwa wangu Alexander,

Marahaba. Najua hukuniamkia, tangu Krismasi hujaniandikia hata mstari mmoja, lakini naitikia hivyo hivyo ili usije ukasema mjomba wako ana kinyongo.

Hapa tu wazima. Mkazamjomba wako Teodora alisumbuliwa na goti, sasa anatembea. Mpunga umesimama vizuri. Mihogo ndiyo inayotutia hasira: nungunungu wamemaliza robo ya shamba letu na la jirani wanaendelea nalo. Kila siku watu wanakuja kuniita mimi na kikundi changu cha wawindaji, nami nawapa visingizio. Wanadhani ni uzee. Si uzee, ni kisu.

Kile kisu cha kukunja cha babu yako Machibya, alichorudi nacho kutoka vita vya Burma, kimefika mwisho. Nimekinoa miaka ishirini na saba. Bapa limebaki jembamba kama unyasi na ncha ilikatikia kwenye jiwe mwaka jana. Nikikiingiza tena shimoni mwa nungunungu kitavunjika.

Ulinishika miguu misimu miwili, lakini mjini watu husahau, kwa hiyo nakueleza kama mgeni. Mtu anaingia kwa tumbo, mkono wa kushoto umebanwa chini ya kifua, wa kulia uko mbele. Kugeuka haiwezekani. Mwenzako yuko nje ameshika vifundo vya miguu yako, ukipiga teke mara mbili anakuvuta. Kisu cha ala kitakuchoma nyonga kabla hujamfikia mnyama, ndiyo maana tunaingia na cha kukunja, kimefungwa kwa kamba kwenye kifundo cha mkono. Kinatakiwa kifunguke kwa kidole gumba peke yake, maana mkono wa pili haupo. Na kikishafunguka kisijifunge mpaka nitake mimi. Humo ndani kuna mizizi ya kukata kabla ya kumfikia nungunungu, na siku nyingine unakutana na chatu.

Nasikia una kibanda cha vifaa na kwamba siku hizi kila kitu ni ruksa, bidhaa zinaingia kutoka kila nchi. Basi nitafutie kisu. Chuma kiwe kigumu, hata kama kinashika kutu, maana kutu dawa yake ni mafuta na kitambaa. Mpini uwe wa pembe, ukikosa pembe uwe wa mpingo, lakini usiwe umepigwa msasa mpaka unateleza. Nimempa Mwalimu Odeta, ambaye huja huko mara kwa mara, kisu cha babu yako akuletee ili uone kwa macho ninachosema. Ukishakiangalia, kirudishe. Narudia, Alexander, kirudishe.

Mjomba wako,
Mhoja Machibya


Kirumba, Mwanza,
19 Machi 1995

Shikamoo mjomba,

Nisamehe kwa kukawia, biashara haina Jumapili. Modesta hajambo. Mtoto ameota meno mawili na anauma kila anachokishika. Mama Teodora tunamwombea goti lake lipone kabisa.

Mjomba, umekuja mahali penyewe. Zile enzi za kupanga foleni kwa panga moja zimekwisha. Sasa hivi kibandani kwangu nina visu ambavyo hata mabwana nyama hawajaviona. Nakutumia kimoja kinachoitwa Simba Watatu. Chuma chake kinang'aa, hakishiki kutu hata ukikitupa ziwani mwezi mzima. Kina kitufe: ukibonyeza tu kinaruka chenyewe. Mpini ni mwekundu wenye michirizi myeupe, na pembeni kuna kifungua chupa na kijiko cha kukunja, ili ukitoka shimoni upate na chakula chako. Wateja wanakigombea, wewe nimekuwekea pembeni.

Kisu cha babu nimekiona. Kweli kimechoka, lakini kina heshima yake. Nimekitundika ukutani juu ya meza, watu wanasimama kukiangalia. Nikipata mtu wa kuaminika nitakirudisha.

Mpwa wako,
Alexander


Magu,
2 Aprili 1995

Kwa Alexander,

Marahaba. Msalimie Modesta, na mtoto asipewe chochote cha kibandani kwako kuuma.

Nimepokea kijiko. Naita kijiko kwa sababu katika mzigo wako hicho ndicho peke yake kilichofanya kazi. Nimekilia uji.

Hicho chuma kinachong'aa nilikipitishia tupa yangu ya kunolea jembe. Chuma cha kweli, tupa hupita juu yake ikilia na kuteleza. Chako tupa ilikiuma ikatoa unga, kama ninayekwangua sabuni. Nilikinoa asubuhi, nikachuna mbuzi mmoja, na kabla sijafika mgongoni makali yalikuwa yamekwisha. Kitufe nacho nilikitia mchanga kidogo tu, kiasi kinachokuingia hata puani ukiwa shimoni. Kikakwama. Nilikitikisa, nikakipuliza, mwishowe Teodora akakifungua kwa sindano. Shimoni sindano nitaitoa wapi, na Teodora nitampitisha wapi?

Lakini mpini ndio umenifanya nitupe kofia chini. Niliupaka damu ya kuku, nikashika, ukaniponyoka kama kambale. Wewe unadhani mpini ni pambo. Mpini ni nusu ya kisu! Plastiki ikilowa haishikiki. Shaba ni nzito na asubuhi inagandisha vidole. Mfupa unapasuka kiangazi. Mpingo ni mzuri lakini wenye duka hawaachi kuung'arisha. Pembe ya ng'ombe ikichongwa mistari kwa tupa inashika kiganja hata kikiwa na damu, na ikizeeka inazidi kuwa nzuri. Haya yote ulikuwa unayajua ukiwa na miaka kumi na minne. Niliyekufundisha ni mimi.

Nakirudisha, kiuze kwa wanaokula vitafunio. Unauza kisu kama vile anayenunua hana kazi nacho, Alexander, na hilo limeniumiza kuliko kisu chenyewe. Nirudishie kisu cha baba, nitakufa nacho hicho hicho.

Mhoja


Kirumba, Mwanza,
14 Mei 1995

Shikamoo mjomba,

Nimeandika shikamoo kwa sababu ndivyo mama alivyonilea. Moyoni nina hasira. Modesta na mtoto hawajambo.

Barua yako niliisoma kibandani, wateja wamesimama mbele yangu, nikaona aibu ile ile ya siku ya siafu. Hatujawahi kuizungumza siku ile, leo naizungumza. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nimekushika miguu, siafu wakanipanda mpaka mapajani, wakaanza kuuma wote kwa pamoja. Nikaachia. Niliachia kwa muda wa kujikung'uta tu, mjomba, sikukimbia. Ulipotoka ulinivua kofia ya kikundi mbele ya watu wote. Wasichana waliokuwa wanatoka kuchota maji wakacheka. Ukasema mikono yangu ni ya kuuza karanga.

Basi nikaja mjini kuuza. Sikuanza na karanga, nilianza na sindano na nyembe kwenye sinia. Leo nina kibanda chenye mlango na kufuli. Kila mtu wa ukoo anayekuja Mwanza analala kwangu, wewe peke yako hujawahi kukanyaga. Halafu unaniandikia kwamba siijui kazi yangu.

Nakutumia kisu kingine, kwa mkono wa Mwalimu Odeta. Jirani yangu Rahim, ambaye ukoo wake umeuza vyuma hapa mjini tangu kabla sijazaliwa, amekipitishia tupa. Imeteleza na kulia, kama unavyopenda. Mpini ni mti mweusi kama mpingo, umechongwa mistari. Ubavuni mwa bapa kuna kichomozo cha kidole gumba, na mgongoni kuna kifungio cha kulizuia bapa lisirudi. Kifungio nimekijaribu mwenyewe, hakina wasiwasi. Safari hii ukiona kasoro, basi kasoro iko machoni kwako.

Kisu cha babu kiko kwa fundi, anakisafisha.

Alexander


Magu,
2 Julai 1995

Alexander,

Marahaba. Nawasalimu wote.

Kisu kilifika. Chuma ni kizuri. Mpini ni mzuri.

Mihogo imebaki kidogo. Teodora anakusalimu.

Kisu cha baba kirudi.

Mhoja


Kirumba, Mwanza,
16 Julai 1995

Shikamoo mjomba wangu mpenzi,

Hapa ni furaha tupu. Mtoto anasimama akishika meza. Modesta amesema niandike kwamba tangu barua yako ifike nimeacha kununa nyumbani. Huko nasikia wanunuzi binafsi wa pamba wameanza kuja na mizani zao, muwe macho nao.

Mjomba, umesema chuma kizuri na mpini mzuri! Nimeisoma barua yako mara tano. Miaka kumi na moja nimeingoja kauli kama hiyo kutoka kwako. Ila mwandiko, mjomba, umekuwaje? Herufi zimelala, nyingine zimepanda juu ya mstari, kama za mtu aliyeanza kisomo cha watu wazima juzi. Au ndiyo pombe ya msimu wa mavuno? Nimecheka mpaka Rahim akaja kuuliza kuna nini. Nilipomwonyesha yeye hakucheka, unajua wazee.

Sasa sikia jambo la kukufurahisha. Nimechukua ubao wa boksi nikaandika kwa rangi nyekundu: KISU HIKI KIMEPIMWA NA MKUU WA WAWINDAJI WA MAGU. Nimeutundika pale ukutani kilipokuwa kisu cha babu. Watu wanakuja wenyewe. Wavuvi wa huku Ilemela wamechukua, vijana wanaowinda kanga Buhongwa wamechukua, na kuna mmoja anakuja wiki ijayo kuchukua vya wenzake wote. Jina lako limefika mjini kabla yako.

Cha babu usijali, fundi ana kazi nyingi.

Mpwa wako mwenye furaha,
Alexander


Magu,
30 Julai 1995

Alexander,

Leo sikusalimii. Ondoa huo ubao. Uondoe kabla hujamaliza kusoma, kisha urudi usome.

Umecheka mwandiko wangu. Huu ni mwandiko wa mkono wa kushoto. Ni wiki ya tisa sasa najifunza, nikitumia madaftari ya zamani ya Mwalimu Odeta. Yeye mwenyewe nilimkataza kukuambia, na Teodora akitaka kuniandikia nafunika karatasi. Mkono wa kulia haushiki tena kalamu. Hauna cha kushikia.

Jumamosi ya tarehe 27 Mei tulikwenda kwenye shimo la kilimani, lile lenye mdomo chini ya mkuyu. Sheria ya kikundi unaijua: kifaa kipya kinaingia na mkuu kwanza. Shimba alitaka aingie yeye kwa sababu ni kijana na mwembamba. Nikamkatalia, nikampa miguu ashike. Niliingia mpaka magoti yakapotea ndani. Nungunungu nilikuwa nasikia miiba yake ikigongana mbele yangu, na kati yetu kulikuwa na mzizi wa unene wa kidole. Nikafungua kisu chako kwa gumba. Kikafunguka vizuri. Nikausukuma ule mzizi kwa mgongo wa bapa, nipate nafasi ya kuukata.

Kifungio kikaachia. Bapa likarudi kwenye mpini, na kati ya bapa na mpini palikuwa na vidole vyangu. Makali yalikuwa mazuri, Alexander, chuma kilikuwa kizuri kama nilivyokuandikia, sikusema uongo. Mkono wa kushoto uko chini ya kifua, sikuweza kuufikisha. Nikapiga teke mara mbili. Shimba akavuta, mzizi ukakishika kisu, kisu kikanishika mimi. Akavuta tena. Vidole viwili vilibaki humo. Cha tatu walikiondoa hospitali baada ya wiki kwa sababu kilianza kuoza. Nimebaki na gumba na kile cha mwisho.

Sikukuandikia kwa sababu nilidhani kosa ni langu. Chuma nilikipima kwa tupa. Mpini niliupaka damu. Kifungio sikukigusa. Mimi, niliyewafundisha watu wote hawa kugonga mgongo wa bapa kwenye gogo kabla ya kuingia, sikugonga. Unajua kwa nini? Kwa sababu uliandika umekijaribu mwenyewe. Baada ya maneno yako ya siafu niliona aibu kukupima mara ya pili. Nikasema huyu ni mtoto wa dada yangu, ameandika kwa mkono wake, inatosha. Niliamini karatasi, na hasira yangu yote ya miezi hii miwili niliielekeza kwangu.

Halafu unanitumia habari za ubao. Umeweka jina langu juu ya kitu kilichonikata vidole, unawauzia wavuvi na vijana wa watu! Niliposoma nilisimama, nikakaa, nikasimama tena, Teodora akadhani nimeshikwa na moyo.

Nina maswali mawili na nataka majibu ya maswali hayo tu. Usinijibu kwa Modesta wala meno ya mtoto. Hicho kifungio ulikijaribu? Na kisu cha baba kiko wapi?

Mhoja


Kirumba, Mwanza,
27 Agosti 1995

Shikamoo mjomba,

Ubao niliung'oa nikiwa nimesimama na barua yako mkononi, kama ulivyoagiza. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natembea, nitakueleza.

Swali la kwanza. Ndiyo, kifungio nilikijaribu, na hilo ndilo baya zaidi kuliko kama nisingekijaribu. Rahim alipomaliza kupitisha tupa aligonga mgongo wa bapa kwenye ubao wa meza mara kumi. Mara ya saba kikajifunga. Akaniambia, "Alex, chuma hiki kizuri, lakini kifungio kinakudanganya. Usimpe mtu wako." Nikamjibu mara moja kati ya kumi si kitu. Nilikuwa nimekasirika, mjomba. Nilitaka upokee kitu kimoja kutoka mkononi mwangu na ukisifu. Nilipokaa kuandika barua nikaandika kwamba hakina wasiwasi. Ndiyo maana Rahim hakucheka nilipomwonyesha mwandiko wako. Alielewa pale pale. Nilimuuliza juzi kwa nini hakusema. Akaniambia alishasema mara moja.

Swali la pili. Kisu cha babu hakijawahi kwenda kwa fundi. Siku tatu baada ya barua yangu ya kwanza alikuja rubani wa ndege za mizigo, akakiona ukutani. Alisema vya namna ile havitengenezwi tena, akaniahidi katoni nzima ya visu vipya kwa kile kimoja. Nikampa. Alirudi na katoni mwezi wa Mei, kisu cha babu akiwa amekwisha kukipeleka kwao. Kilichokukata vidole kilitoka kwenye katoni hiyo. Sentensi inayofuata hapo nimeiandika mara nne nikaifuta.

Nilikuwa nimeuza kumi na vinne. Nilifunga kibanda nikaanza kuvifuata. Huku Ilemela nilipanda vilima vya mawe nyumba kwa nyumba nikiuliza wavuvi. Mmoja alinicheka, akasema chake hakijawahi kumfanya kitu. Nikakigonga mbele yake kwenye jiwe, mara ya nne kikajifunga, akanitukana matusi ambayo nilistahili. Nimevipata kumi na viwili. Wawili waliobaki wamehamia kambi za uvuvi visiwani, nimewatumia ujumbe kwa kila mtumbwi unaokwenda. Nilivyovipata, na vilivyobaki kwenye katoni, nimevivunja kwa nyundo, Rahim akiwa shahidi.

Nikafika Buhongwa kufuata kile cha vijana wa kanga, nikamkuta mhunzi, Mzee Kashindye, anayefua kwa springi za Landrova. Nilimweleza yote, hata ya rubani. Hakunipa pole. Alisema nikitaka kisu nikae nivukute moto mwenyewe. Nimevukuta wiki mbili, viganja vimetoka malengelenge. Bapa amelizimisha kwenye mafuta ya ng'ombe, tupa inalia juu yake. Mpini ni pembe, mistari nimechonga mimi. Hakuweka kifungio cha dukani, ameweka springi ya mgongoni pana kama ya kisu cha babu, na bapa likifunguka linaingia kwenye pengo na kukaa. Nimegonga mara mia tatu kwenye gogo. Rahim amegonga mia yake. Hakijajifunga.

Najua hakirudishi kidole hata kimoja. Nimpe Mwalimu Odeta akuletee? Au hutaki tena kuona kitu kutoka kwangu? Nitaelewa.

Alexander


Magu,
10 Septemba 1995

Alexander,

Marahaba.

Kisu usikitume.

Barua yako nimeisoma, nikaitupa jikoni, Teodora akaiokota kabla haijashika moto, nikaisoma tena. Ya kifungio yameniumiza. Ya kisu cha baba yameniumiza zaidi, na sitaki kukudanganya kwamba yamekwisha. Kile kisu kilivuka bahari mfukoni mwa mtu aliyekuwa anatafuta njia ya kurudi nyumbani, na wewe umempa mtu akakirudisha huko huko kwa ajili ya katoni. Nikikumbuka natoka nje nazunguka nyumba. Teodora amekwisha kukusamehe, ametaka aandike hapa chini, nimemkatalia. Msamaha wake asikuletee kwa karatasi yangu.

Lakini umejibu maswali mawili bila kuyazunguka, na umekwenda nyumba kwa nyumba. Hilo nimeliona. Wale wawili wa visiwani usiache kuwatafuta.

Sasa hali ya hapa. Tangu Mei hakuna aliyeingia shimoni. Shimba anaogopa, na wenzake wanamwangalia yeye. Nungunungu wamemaliza mihogo yetu, wamehamia viazi vya wajane wa ng'ambo ya mto. Wagombea wanapita na magari yao kuomba kura, wanaahidi barabara, wa kuahidi kuingia shimoni hakuna. Watu wanakuja kwangu na mimi nawaonyesha mkono.

Kisu utakileta mwenyewe, Jumamosi ya tarehe 23. Nitakigonga mimi mara mia kwenye gogo mbele ya kikundi, kwa mkono wa kushoto, na hata kama Rahim wako ni shekhe sitachukua neno lake. Kikijifunga mara moja utarudi Mwanza siku hiyo hiyo. Kisipojifunga, kitaingia shimo la mkuyu. Sheria ya kikundi nimeibadilisha, nao wamekubali: kifaa kipya kinaingia na aliyekileta. Mimi siwezi tena kukishika. Kwa hiyo utaingia wewe.

Vaa suruali nzito, viatu vya mjini acha kwa Modesta. Kofia yako ya kikundi sikuichoma moto kama nilivyosema siku ile. Teodora aliificha kwenye sanduku lake, panya wameila upande mmoja, itakukaa.

Shimba ameomba akushike miguu. Nimemkatalia, nitashika mimi. Najua unachokiwaza huko ulipo. Mkono wa kulia una viwili, wa kushoto vitano, vyote ni saba, na saba vinatosha kumtoa shimoni mtu wa uzito wako. Piga teke mara mbili nitakuvuta. Na siafu wakinipanda, wataniuma mpaka wachoke wao. Sitaachia.

Mjomba wako,
Mhoja